Jitihada za Kusikiliza

Mtu anayevaa shimesikio, yaani kifaa cha kumsaidia kusikia, anaweza kurudia sawasawa kila neno analosomewa kwenye chumba cha vipimo, akaambiwa kifaa kinamfaa, kisha jioni akarudi nyumbani hoi, hataki hata kusemeshwa. Kipimo hakikudanganya. Kilihesabu maneno yaliyofika, na kweli yalifika. Kilichoachwa nje ya hesabu ni yalifika kwa gharama gani. Watafiti wa usikivu wameipa gharama hiyo jina, na jina lao la Kiingereza lina maneno mawili. La kwanza ni kusikiliza. La pili Mswahili anaweza kulitafsiri kwa juhudi, bidii, jitihada, nguvu, taabu au mzigo, na kila moja litampeleka msomaji mahali tofauti. Makala hii inatetea "jitihada za kusikiliza", tena katika wingi, na inataka istilahi hiyo isimamishwe mbali na "uchovu wa kusikiliza", hata kama katika maandishi mengi viwili hivyo hutajwa kwa pumzi moja.

Upande wa kusikiliza hauna ubishi mkubwa. Kusikia humpata mtu, kusikiliza ni kitu anachokifanya mwenyewe, na kinachochunguzwa hapa ni hicho cha pili. Inafaa tu kuonyesha kazi yenyewe ilivyo. Upotevu wa usikivu unaoletwa na uzee au na kelele za muda mrefu kazini kwa kawaida huanza na sauti za masafa ya juu. Irabu, zenye nguvu nyingi, hupita. Konsonanti hafifu kama s, sh na f huponyoka. Kwa msikilizaji wa namna hiyo, "ameshika", "amefika" na "amepika" huweza kumjia kama neno moja lenye tundu katikati. Hawezi kuamua palepale. Inambidi aliweke neno kando, asubiri kama kinachofuata ni kamba, mapema au wali, arudi nyuma azibe tundu, na wakati huo msemaji ameshaingia sentensi nyingine. Upatanisho wa kisarufi humwokoa mara nyingi: katika "vile vitabu vyangu viwili vimepotea" silabi moja ikizama, nyingine zinabaki kumwonyesha njia. Lakini kuufuata ushahidi huo nako ni kazi ya akili. Jerker Rönnberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, wamelieleza jambo hili hivi: sauti inayopokewa ikilingana na maneno yaliyohifadhiwa kichwani, uelewa huja wenyewe bila kuitwa, isipolingana, kumbukumbu tendaji, ile inayoshikilia mambo kwa sekunde chache huku ikiyachambua, hulazimika kuingilia kati. Shimesikio hupunguza kutolingana huko, haliwezi kukumaliza. Linakuza sauti, na sikio la ndani lililoharibika halipokei sauti pungufu tu, linazipokea zikiwa zimechanganyika.

Ugomvi uko kwenye neno la pili. Wanaopendelea "mzigo wa kusikiliza" au "taabu ya kusikia" wana sababu nzuri: maneno haya yanaeleweka na yeyote, na yanamwonea huruma mgonjwa. Kasoro yake ni kwamba yanaeleza kinachomkuta mtu na kunyamazia anachoamua kukifanya. Mwaka 2016 kundi la watafiti lililoongozwa na Kathleen Pichora-Fuller lilichapisha mfumo wa kuielewa dhana hii, likijenga juu ya kitabu cha Daniel Kahneman cha mwaka 1973 kuhusu umakini. Kwa mujibu wa mfumo huo, jitihada ni kugawa kwa makusudi uwezo wa akili ili kuvuka vikwazo vilivyo mbele ya lengo. Makusudi ndiyo roho ya dhana. Uwezo ni kidogo, mwenye nao huutoa akiona kuna faida, na huuzuia akiona hakuna.

Hilo si falsafa tupu, kwani linaonekana kwenye jicho. Kahneman na Jackson Beatty walionyesha mwaka 1966 kwamba mboni, yaani tundu jeusi la katikati ya jicho, hupanuka kadiri mtu anavyoshikilia tarakimu nyingi zaidi kichwani. Adriana Zekveld, Sophia Kramer na wenzao wa Amsterdam waliuleta ujuzi huo kwenye usikivu. Mshiriki huketi akitazama alama kwenye skrini huku mwanga wa chumba ukidhibitiwa, maana mwanga ukibadilika mboni nayo hubadilika kwa sababu zake. Sentensi huchezwa ndani ya kelele, kamera hufuatilia mboni, kisha mshiriki hurudia alichosikia. Tofauti zinazotafutwa ni sehemu ndogo ya milimita. Katika utafiti wao wa mwaka 2010, kadiri sentensi zilivyokuwa ngumu kueleweka, mboni ilipanuka zaidi. Mwaka 2014 Zekveld na Kramer walipanua wigo wa ugumu hadi pale ambapo karibu hakuna kinachoeleweka, na huko mboni ikasinyaa tena. Ugumu ulikuwa umefika kileleni, ila msikilizaji alikuwa amekata tamaa. Anayetumia neno "mzigo" hana namna ya kulieleza tokeo hili, kwa sababu mzigo haukupungua hata chembe. Kilichopungua ni jitihada. Basi tuuache "mzigo" ubaki na kazi yake halali ya kutaja ugumu unaotoka nje: kelele, mwangwi wa ukumbi usio na mapazia, msemaji anayemumunya maneno.

Hapa huja pingamizi zito zaidi, nalo limetoka kwa watafiti wenyewe. Ronan McGarrigle na wenzake waliandika makala mwaka 2014 ambayo kichwa chake kinauliza hasa tunapima nini. Mwaka 2019 Sara Alhanbali na wenzake wa Manchester walipima washiriki 116 kwa njia kadhaa kwa pamoja, zikiwemo mboni, mawimbi ya ubongo, jasho la ngozi na maelezo ya washiriki wenyewe. Uhusiano kati ya vipimo hivyo ulikuwa dhaifu. Aliyeonekana kutumia nguvu nyingi kwa kipimo kimoja si lazima alionekana hivyo kwa kingine. Je, tunakitungia istilahi kitu ambacho huenda hakipo? Naona hitimisho hilo limekimbia mbele ya ushahidi. Vipimo visivyopatana vinaweza kuwa vinagusa pande tofauti za jambo lenye pande nyingi, na ndivyo watafiti wa Manchester walivyoyasoma matokeo yao. Kwa bahati njema neno letu halibadiliki umbo, liwe moja au mengi. Kinachobadilika ni a-unganifu tu. "Jitihada ya kusikiliza" ingeahidi kitu kimoja chenye kipimo kimoja. "Jitihada za kusikiliza" haiahidi hivyo, na kwa hali ya ushahidi ilivyo leo, "za" ndiyo iliyo kweli. Hata faida ya istilahi haingoji vipimo vipatane. Anastasios Sarampalis na wenzake walipojaribu mwaka 2009 programu ya kupunguza kelele, kwa wasikilizaji wasio na tatizo la usikivu, idadi ya maneno yaliyotambuliwa haikuongezeka, lakini washiriki waliyakumbuka maneno vizuri zaidi na wakaitikia kazi ya pembeni kwa kasi zaidi. Bila jina la kile kilichopungua, mtengenezaji wa mashimesikio angeitupa programu hiyo akiona haina maana.

Uchovu ni habari nyingine. Ni rahisi kudhani kwamba jitihada zikijumlishwa kutwa nzima ndizo huitwa uchovu, na baadhi ya ushahidi unaelekea huko. Benjamin Hornsby wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt aliripoti mwaka 2013 kwamba watu wenye usikivu hafifu waliosikiliza kwa muda mrefu bila vifaa walizidi kuwa wazito kuitikia kadiri kazi ilivyoendelea, ilhali walipovaa vifaa kasi yao ilibaki pale pale. Lakini Yang Wang na wenzake wa Amsterdam walipolinganisha uchovu wa kila siku na mboni mwaka 2018, waliojieleza kuwa wamechoka zaidi ndio ambao mboni zao zilipanuka kwa kiasi kidogo kuliko za wengine. Mtu aliyechoka hutoa kidogo. Ukiviita vyote kwa neno moja, mgonjwa huyu atasomeka kwenye karatasi kama mtu asiyepata shida. Na uchovu wenyewe unahitaji kutenganishwa: Jack Holman na wenzake waliwafuatilia watu waliopewa vifaa kwa mara ya kwanza, wakaripoti mwaka 2021 kwamba uchovu unaotokana na kusikiliza ulipungua na shughuli za kijamii zikaongezeka, huku uchovu wa jumla ukikosa badiliko la wazi. Ndiyo maana "uchovu" peke yake hautoshi. Lazima useme wa nini.

Linabaki pingamizi ambalo siwezi kulimaliza kwa ushahidi wa maabara, maana limo ndani ya lugha. Jitihada ni neno la sifa. Katika Kiswahili masikio na utii vimefungamana: mtoto msikivu ni mtoto mtiifu, na mzazi akilalamika kwamba mwanawe hasikii, hakuna anayewaza kumpeleka kwa daktari. Ukimwambia mwenye usikivu hafifu kwamba tatizo lake ni la jitihada, anaweza kusikia kwamba anasutwa kwa uvivu. Hofu hii ni ya kweli, ila inahusu mazungumzo na mgonjwa, si istilahi ya utafiti, na istilahi ya utafiti hailazimiki kuwa swali la kliniki. Chukua dodoso la usikivu liitwalo SSQ, lililotolewa na Stuart Gatehouse na William Noble mwaka 2004, ambalo humtaka mtu ajipime kwa mizani ya 0 hadi 10, na mojawapo ya maswali yake linahusu jitihada anazoweka ili kufuata mazungumzo. Likitafsiriwa "Je, unajitahidi sana kusikiliza?", bibi wa miaka sabini atajibu "najitahidi, mwanangu", kama anavyojibu akiulizwa hali, na mwulizaji ataandika namba isiyo na habari yoyote. Likiulizwa "Kufuata mazungumzo kunakutumisha nguvu kiasi gani?", sifa imeondoka na gharama imebaki. Ripoti itakayoandikwa kutokana na majibu yake iendelee kusema jitihada za kusikiliza.