Siki, Magadi na Kijiti cha Pamba
Anayesoma historia ya kuzibua masikio hutarajia kukuta watu wa kale wakichokonoa ovyo, kisha sayansi ikaja kuwakataza. Mambo hayakwenda hivyo. Aulus Cornelius Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alieleza katika De Medicina kwamba nta ngumu ya sikio itiwe siki yenye magadi kidogo, na ikishalainika ndipo sikio lioshwe. Gaga lililoganda alilitilia mafuta ya moto, kisha maji ya uvuguvugu. Kijiko chembamba cha sikio alikuwa nacho, ila penye ugumu kilingoja zamu yake. Hadi leo Uingereza hutumia matone ya sodiamu baikaboneti, ndugu wa karibu wa magadi yale (wala hii si ruhusa ya kuchota magadi ya maharage jikoni ukamtilia mtoto). Kulainisha kwanza, basi, ni utaratibu wa kale sana. Kilichouvuruga majumbani ni kifaa cha juzi tu.

Mwaka 1923 Leo Gerstenzang, Mmarekani mzaliwa wa Poland, alianza kutengeneza vijiti vyenye pamba, baada ya kumwona mkewe, kama inavyosimuliwa, akizungushia pamba kwenye kijiti cha meno ili amsafishe mtoto wao. Viliitwa Baby Gays, na mwaka 1926 likaongezwa jina la Q-tips. Kuna atakayesema kuchokonoa hakukuanza siku hiyo, na ni kweli: vijiko vya masikio vya Warumi vimefukuliwa, na njiti ya kiberiti na unyoya wa kuku havikumngoja Gerstenzang. Lakini njiti ya kiberiti haikuwahi kuuzwa kama kifaa cha usafi wa mtoto mchanga. Weupe wa pamba uliipa tabia ya zamani heshima mpya, na mzazi aliyekuwa akiona aibu kidogo kuchokonoa sasa akaona anatimiza wajibu. Mwingine atasema: mbona pamba hutoka na uchafu? Hutoka nao kwa sababu ngozi ya tundu la sikio hukua ikisogea kutoka kwenye kiwambo cha sikio kuelekea nje, ikibeba nta, na taya linapotafuna huisaidia. Pamba huchukua kilichokuwa karibu kutoka chenyewe, na kilicho nyuma yake hukishindilia. Kufikia miaka ya 1970 pakiti zilianza kuonya kwamba vijiti visiingizwe ndani ya tundu la sikio. Biashara haikutetereka.

Maji nayo yana historia yake. Robert Bárány, daktari wa Vienna, aliona kuwa wagonjwa aliowaosha masikio kwa maji ya baridi au ya moto walishikwa na kizunguzungu na macho yakawachezacheza, na uchunguzi huo ukachangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya 1914. Ndiyo maana maji ya kuoshea sikio hupimwa yawe na joto la mwili, na bomba la kuoshea hushikwa na mhudumu wa afya aliyekwisha kukitazama kiwambo. Kinachobaki nyumbani ni kidogo: matone 2 au 3 ya mafuta ya zeituni yasiyo ya moto, mtoto akilala ubavu kwa dakika chache, kwa siku kadhaa. Watafiti waliolinganisha matone ya aina mbalimbali hawajapata moja linaloyashinda mengine waziwazi, hivyo la bei ghali halina sababu. Sikio likitoa usaha, likiuma, au kiwambo kikiwa kimetoboka, hata mafuta hayafai.

Wala si kila kizibo ni nta. Punje ya harage ikitiwa maji hufura na kukwama zaidi. Betri ndogo ya saa huunguza ngozi ndani ya saa chache. Kwa kitu kilichonasa Celsus alifika hadi kushauri mgonjwa afungwe juu ya meza, sikio likielekea chini, kisha meza igongwe kwa nyundo. Siku hizi mtoto hupelekwa hospitali, na mwenye betri sikioni hasubirishwi hadi kesho.