Fahamu Namna Alama za Majaji Zinavyotolewa, Kukaguliwa na Kukatiwa Rufaa Michezoni

Na Mwandishi Wetu

Katika mbio za marathoni mshindi hupatikana kwa saa, na katika kurusha mkuki hupatikana kwa futi ya kupimia. Ipo hata hivyo michezo mingine ambayo mshindi hupatikana kwa macho na maarifa ya majaji. Miongoni mwake ni ngumi, jimnastiki, kuteleza kwenye barafu kwa sanaa na dresaji, yaani mchezo ambao mpanda farasi humwongoza farasi aliyefunzwa kutembea, kukimbia na kuzunguka kwa hatua maalumu.

Katika michezo hii malalamiko ya kuonewa husikika mara kwa mara, na baadhi yamethibitishwa kuwa ya kweli. Makala haya yanaeleza namna alama hutolewa, mahali ambapo upendeleo huingia, hatua ambazo mashirikisho ya kimataifa yamechukua na haki alizonazo mwanamichezo asiyeridhika na uamuzi.

Namna alama zinavyotolewa katika dresaji

Dresaji imekuwamo katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1912. Mashindano hufanyika katika uwanja wenye urefu wa mita 60 na upana wa mita 20, uliozungukwa na herufi zinazoonesha mahali ambapo kila kitendo huanzia na kuishia. Majaji huketi sehemu tofauti kuuzunguka uwanja, na kila mmoja hutoa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila kitendo, nusu alama ikiruhusiwa. Jumla ya alama hizo hugeuzwa kuwa asilimia.

Ni jambo la kawaida majaji wawili kutoa alama tofauti kwa kitendo kimoja bila yeyote kati yao kuwa na nia mbaya. Jaji aliyeketi mbele ya farasi huona kama farasi amenyooka, ilhali aliyeketi ubavuni huona urefu wa hatua na namna miguu ya nyuma inavyofanya kazi. Kwa sababu hiyo, tangu Michezo ya London mwaka 2012, idadi ya majaji wa dresaji katika Olimpiki imekuwa saba.

Tofauti itokanayo na mahali pa kuketi haipaswi kuchanganywa na upendeleo. Katika Olimpiki ya mwaka 1956, ambapo michezo ya farasi ilifanyika Stockholm, jaji wa Ujerumani aliwapa wapanda farasi wa Ujerumani nafasi tatu za juu, na jaji wa Sweden naye akafanya vivyo hivyo kwa wapanda farasi wa nchi yake. Wote wawili walisimamishwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI).

Hivi sasa FEI ina jopo linalosimamia majaji katika mashindano makubwa. Jopo hilo hurekebisha makosa ya wazi, kwa mfano jaji anapokosea kuhesabu idadi ya hatua zilizotakiwa. Suala la kama mwendo wa farasi ulistahili alama 7 au 7.5 hubaki mikononi mwa jaji mwenyewe.

Seoul 1988: mapambano mawili ya ngumi

Mchezo wa ngumi ndio unaowagusa zaidi wananchi wa Afrika Mashariki katika suala hili. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Robert Wangila wa Kenya alitwaa medali ya dhahabu ya uzito wa kilo 67 baada ya kumwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili ya fainali. Pambano lilimalizika kwa KO na kadi za majaji hazikuhitajika.

Katika michezo hiyo hiyo, fainali ya uzito wa kilo 71 iliwakutanisha Roy Jones Jr. wa Marekani na Park Si-hun wa Korea Kusini. Jones alitawala pambano kwa dakika zote tisa, lakini majaji watatu kati ya watano wakampa ushindi mwenyeji. Baadaye Jones alitunukiwa kombe la Val Barker, ambalo hutolewa kwa bondia mwenye ufundi bora zaidi katika Olimpiki. Matokeo hayakubadilishwa. Mwaka 2023, miaka 35 baadaye, Park alisafiri hadi Marekani na kumkabidhi Jones medali hiyo kwa mkono wake.

Kisa hicho kina upande ambao husahaulika. Park hakujipangia ushindi, ila aliishi na lawama ya uamuzi ambao hakuutoa. Uamuzi mbovu humnyima aliyeshindwa haki yake, na pia humwachia aliyeshinda medali isiyo na heshima.

Mashine pekee hazikutosha

Kufuatia tukio la Seoul, Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 ilitumia kompyuta katika ngumi. Majaji watano walibonyeza kitufe kila walipoona ngumi halali, na alama ilihesabiwa iwapo angalau watatu wamebonyeza ndani ya sekunde moja. Utaratibu huo ulilenga kupunguza maoni binafsi, lakini ulileta tatizo jipya. Ngumi za mfululizo na za mwilini zilikuwa vigumu kuhesabiwa kwa wakati mmoja na majaji watatu, hivyo mabondia wakajifunza kupiga ngumi moja moja zinazoonekana kwa urahisi.

Utaratibu wa vitufe uliachwa baada ya London 2012, na ukarejeshwa ule wa kumpa mshindi wa kila raundi alama 10. Hata hivyo, Rio mwaka 2016 malalamiko yalizidi. Uchunguzi huru ulioongozwa na Profesa Richard McLaren, ambao taarifa yake ilitolewa Septemba 2021, ulibaini kuwa kulikuwapo mfumo wa kuchezea matokeo ya mapambano, uliowezekana kwa sababu viongozi walikuwa na uwezo wa kuchagua nani aamue pambano lipi.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ilikuwa tayari imelisimamisha shirikisho la ngumi la kimataifa mwaka 2019, na ngumi za Olimpiki ya Tokyo zikasimamiwa na kikosi kazi maalumu. Huko alama za majaji zilioneshwa kila raundi ilipomalizika. Juni 2023 IOC iliondoa kabisa utambuzi wake kwa shirikisho hilo, na kwa muda haikuwa na uhakika kama ngumi zingekuwapo Los Angeles mwaka 2028. Shirikisho jipya, World Boxing, lilipata utambuzi wa muda Februari 2025, na mwezi uliofuata IOC ikaidhinisha ngumi kuwamo katika michezo hiyo.

Kwa mabondia wa nchi zetu, hilo si jambo dogo. Tanzania, kwa mfano, ilirejea kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022 na medali tatu, mbili kati yake zikiwa za shaba za mabondia Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike. Mchezo ukiondolewa Olimpiki kwa sababu ya majaji, wanaoumia ni vijana wasiohusika na makosa hayo.

Usiri ulivyoongeza tatizo

Funzo kubwa zaidi limetoka katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu. Katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Salt Lake City mwaka 2002, Warusi Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze waliwashinda Wakanada Jamie Salé na David Pelletier kwa kura tano za majaji dhidi ya nne. Jaji wa Ufaransa, Marie-Reine Le Gougne, alisema kuwa alishinikizwa kuwapigia kura Warusi, kisha akakana kauli hiyo. Wakanada nao walipewa medali ya dhahabu. Jaji huyo pamoja na rais wa shirikisho la Ufaransa, Didier Gailhaguet, walifungiwa miaka mitatu.

Shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilibadili mfumo. Alama ziligawanywa kati ya ugumu wa vitendo na ubora wa utekelezaji, na alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zikawa zinaondolewa kabla ya kupata wastani. Aidha, majina ya majaji yalifichwa ili ijulikane alama zilizotolewa bila kujulikana nani ametoa ipi. Nia ilikuwa kumlinda jaji dhidi ya shinikizo la shirikisho la nchi yake.

Mchumi Eric Zitzewitz, ambaye amechunguza alama za mchezo huo kwa miaka mingi, alibaini kuwa upendeleo wa majaji kwa wanamichezo wa nchi zao haukupungua baada ya majina kufichwa, bali uliongezeka. Shinikizo liliendelea kwa njia za pembeni, huku mwananchi na mwandishi wa habari wakikosa namna ya kumhoji jaji. Mwaka 2016 shirikisho hilo liliamua kuachana na usiri huo.

Utafiti wake wa awali, uliochapishwa mwaka 2006, ulilinganisha mchezo huo na ule wa kuruka kwa skii. Katika michezo yote miwili majaji waliwapendelea watu wa nchi zao. Katika skii, ambako majaji huteuliwa na shirikisho la kimataifa, majaji wengine waliufidia upendeleo huo. Katika kuteleza kwenye barafu, ambako waliteuliwa na mashirikisho ya nchi zao, kulikuwa na dalili za kubadilishana kura.

Rufaa na mipaka yake

Mwanamichezo anaweza kupinga alama, lakini kwa masharti. Mosi, pingamizi huwa na muda. Katika jimnastiki ya Olimpiki ya Athens mwaka 2004, Yang Tae-young wa Korea Kusini alipewa alama ya kuanzia ya 9.9 badala ya 10 kwa kosa la majaji. Alimaliza wa tatu, nyuma ya mshindi Paul Hamm wa Marekani kwa alama 0.049. Kosa lilikubaliwa kuwapo, lakini Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) ilikataa kubadili matokeo, kwa kuwa pingamizi halikuwasilishwa wakati wa mashindano.

Paris mwaka 2024, alama ya Jordan Chiles wa Marekani ilipandishwa kutoka 13.666 hadi 13.766 baada ya pingamizi la kocha wake, akapata medali ya shaba. CAS iliamua kuwa pingamizi lilichelewa kwa sekunde nne baada ya dakika moja inayoruhusiwa. Alama ikarejeshwa, na medali ikaenda kwa Ana Bărbosu wa Romania mwenye 13.700. Chiles alikata rufaa katika mahakama ya juu ya Uswisi.

Pili, CAS kwa kawaida haiingilii maamuzi yaliyofanywa uwanjani isipokuwa kuwe na ushahidi wa rushwa au nia mbaya. Kosa la hukumu pekee, hata likiwa kubwa, halitoshi.

Mambo ya kuzingatia

Kwa kuzingatia yaliyoelezwa, mwananchi anayefuatilia mashindano, mzazi mwenye mtoto mwanamichezo au kiongozi wa klabu anaweza kupima haki ya uamuzi kwa maswali yafuatayo:

- Je, vigezo vya alama vilitangazwa kwa washiriki kabla ya mashindano?
- Je, majaji waliteuliwa na nani, na je, wapo wenye uhusiano na mshiriki?
- Je, alama za kila jaji zimewekwa wazi zikiwa na jina lake?
- Je, muda na utaratibu wa kuwasilisha pingamizi unajulikana kwa makocha wote?
- Je, kipo chombo kinachopitia kazi za majaji baada ya mashindano, na matokeo ya mapitio hayo hutangazwa?

Macho ya binadamu yataendelea kutumika katika michezo hii, kwa kuwa hakuna mizani ya kupimia uzuri wa mwendo wa farasi. Tofauti ndogo za alama zitakuwapo daima. Yaliyotokea Stockholm, Seoul, Salt Lake City na Rio yanaonesha kuwa imani ya umma hupotea pale ambapo jaji hajulikani alivyoteuliwa, alama zake hazionekani na hakuna wa kumuuliza.