Silaha za Kuazima: Jinsi Vita vya Msumbiji Vilivyokwisha

Leo twataka kuwasimulia habari za vita vya jirani zetu wa ng'ambo ya mto Ruvuma, vita vilivyoitesa nchi ya Msumbiji kwa muda wa miaka ipatayo 16, hata vikakoma mwaka 1992.

Siku moja tulipokuwa tukifundisha habari hizi, mwanafunzi alisimama akauliza: "Mwalimu, ikiwa wote walikuwa watu wa nchi moja, na wote waliwaona ndugu zao wakifa, mbona hawakuketi chini wakapatana upesi?" Swali hilo ni jema, wala jibu lake si fupi. Wazee wetu walisema, cha kuazima hakisitiri maungo. Nasi tutaona kwamba silaha za kuazima humtia mtu nguvu ya kupigana, lakini humpunguzia uhuru wa kupatana.

Tuanze mwanzo. Msumbiji ilipata uhuru wake kutoka Ureno tarehe 25 Juni 1975. Chama cha Frelimo, ambacho kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kikashika serikali, na Samora Machel akawa Rais wa kwanza. Upande wa magharibi palikuwa na nchi ya Rhodesia, iliyotawaliwa na walowezi wachache wa Kizungu chini ya Ian Smith. Mwezi wa Machi 1976 Machel akaufunga mpaka wake na Rhodesia, tena akawapa makambi wapiganaji wa Zimbabwe waliokuwa wakipigana na Smith. Ndipo wapelelezi wa serikali ya Rhodesia walipowakusanya watu wa Msumbiji waliomchukia Machel, wakawafundisha vita, wakawapa bunduki, hata na kituo cha redio cha kumtukana nacho. Jeshi hilo ndilo lililokuja kuitwa Renamo.

Hapa yatupasa kusema haki. Si kweli kwamba ugomvi wote ulitoka nje. Serikali ya Frelimo iliwahamisha wakulima wengi wakae katika vijiji vya pamoja, nao wengine hawakupenda. Iliwaondoa majumbe katika vyeo vyao, ikayabana makanisa na dini nyingine, ikawafunga watu wengi katika kambi pasipo hukumu. Basi wako waliokuwa na manung'uniko yao wenyewe. Twaweza kusema kwamba kuni zilikuwamo nyumbani, na jirani ndiye aliyeleta kaa la moto.

Mwaka 1979 kiongozi wa kwanza wa Renamo, André Matsangaissa, aliuawa vitani katika nchi ya Gorongosa, na Afonso Dhlakama akashika mahali pake. Mwaka uliofuata, Aprili 1980, Rhodesia ikawa Zimbabwe huru. Mtu angedhani kwamba vita vingekwisha hapo, maana mwenye kuazimisha hayupo tena. Lakini sivyo ilivyokuwa. Renamo ilichukuliwa na majeshi ya Afrika ya Kusini, ikapewa makambi mapya huko Transvaal, na silaha zikaletwa kwa wingi kuliko kwanza. Serikali ya makaburu ilikuwa na sababu zake. Haikutaka Msumbiji iwape makao wapiganaji wa chama cha African National Congress. Tena ilijua kwamba reli ziendazo Beira, Maputo na Nacala zikiharibika, nchi zisizo na bahari, kama Zimbabwe na Malawi, hazina budi kupitisha mizigo yao Afrika ya Kusini.

Serikali ya Frelimo nayo ilikuwa na wa kuiazima. Mwaka 1977 ilifanya mkataba wa urafiki na Muungano wa Kisovieti, na kutoka huko zikaja ndege, mizinga na walimu wa vita. Zimbabwe ikatuma maelfu ya askari kulinda reli ya Beira na bomba la mafuta lililofuata njia hiyo. Tanzania pia ilipeleka askari, nao walikaa katika jimbo la Zambezia mpaka wakarudi mwaka 1988. Kwa hiyo sisi wa upande huu wa Ruvuma hatukuwa watazamaji tu.

Sasa tuangalie silaha hizo zilifanya kazi gani katika mioyo ya watu. Watu wawili wakigombana kwa nguvu zao wenyewe, iko siku mmoja huchoka, au wote wawili huchoka, nao huanza kusema: haya, tufanyeje? Lakini kila mmoja akiwa na mtu nyuma yake wa kumpa rungu jipya la kwanza likivunjika, siku ile haifiki. Ndivyo ilivyokuwa Msumbiji. Serikali ilipopoteza wilaya, ilitumaini msaada ujao. Renamo ilipofukuzwa katika kambi, ilitumaini mzigo utakaoshushwa na ndege usiku. Renamo haikuweza kuutwaa mji wa Maputo, wala serikali haikuweza kuimaliza Renamo porini. Aliyelipa ni mkulima, ambaye shamba lake lilichomwa, shule ya watoto wake ikavunjwa, na wanawe wakachukuliwa kushika bunduki. Yakadiriwa kwamba watu wapatao milioni moja walikufa kwa vita na kwa njaa iliyofuatana navyo, na zaidi ya milioni moja walikimbilia nchi za jirani, wengi wao Malawi.

Tarehe 16 Machi 1984 Rais Machel alikutana na P. W. Botha wa Afrika ya Kusini kando ya mto Nkomati, wakatia sahihi mapatano. Machel aliahidi kutowaacha wapiganaji wa African National Congress kuitumia nchi yake, na Botha aliahidi kutoisaidia Renamo. Wengi walifurahi, lakini vita havikupungua. Katika Agosti 1985 askari wa Zimbabwe na wa Msumbiji waliiteka kambi kubwa ya Renamo huko Gorongosa, wakakuta karatasi zilizoonyesha kwamba wakubwa wa jeshi la Afrika ya Kusini waliendelea kuisaidia Renamo kwa siri. Serikali yao ikakiri kwamba mapatano yalivunjwa, ijapokuwa ilijaribu kuliita kosa hilo dogo.

Katika habari ya Nkomati mna mafundisho mawili. La kwanza, ahadi ya kukata msaada haifai kitu pasipo mtu wa kuichunguza. La pili ni kubwa zaidi: mwenye kuazimisha alipatana na adui wa yule aliyeazimwa, na mwazimwa mwenyewe hakuwapo. Renamo hawakuketi kando ya mto Nkomati. Mazungumzo yao na serikali yaliyojaribiwa Pretoria mwezi wa Oktoba mwaka ule ule yalivunjika upesi, maana kila upande ulitaka mwenziwe akubali kwanza kwamba ameshindwa.

Machel alikufa katika ajali ya ndege tarehe 19 Oktoba 1986, na Joaquim Chissano akawa Rais. Miaka iliyofuata ndiyo iliyogeuza mambo. Muungano wa Kisovieti ulikuwa katika shida zake, ukawa haupendi tena kutoa mali kwa vita vya mbali. Afrika ya Kusini nayo ilielemewa, na mwaka 1989 F. W. de Klerk akawa Rais, akaanza kugeuza siasa ya nchi ile. Zimbabwe ilikuwa ikitumia fedha nyingi kuwalisha askari wake huko Beira. Basi wenye kuazimisha wote wakachoka, mmoja baada ya mwingine. Katika mwaka 1989 Frelimo iliacha itikadi yake ya Kimarksi, na Novemba 1990 ikatoa katiba yenye kuruhusu vyama vingi. Yale ambayo Renamo ilisema inayapigania yakaanza kupatikana pasipo bunduki.

Hata hivyo mtu aliyenyimwa silaha hawi mtu wa amani siku ile ile. Palihitajika watu wa kuwakutanisha wale waliokwisha kuitana majambazi na madhalimu. Wakuu wa makanisa ya Msumbiji walianza kazi hiyo. Jaime Gonçalves, Askofu Mkuu wa Beira, alikwenda kuonana na Dhlakama porini. Naye alikuwa mtu wa kabila lake, Mndau, hata wakaweza kusemezana kwa lugha ya nyumbani. Mwaka 1989 yakafanyika mazungumzo Nairobi. Hatimaye, Julai 1990, wajumbe wa pande zote mbili wakakutana uso kwa uso mjini Roma, katika nyumba ya jumuiya ya Kikristo iitwayo Sant'Egidio. Wapatanishi walikuwa wanne: Askofu Mkuu Gonçalves, Andrea Riccardi na padre Matteo Zuppi wa jumuiya ile, na Mario Raffaelli kwa niaba ya serikali ya Italia. Hawakuwa na jeshi wala hawakumtisha mtu.

Twawaomba mwangalie sana jambo hili. Mapatano ya kwanza yaliyotiwa sahihi huko Roma ili kupunguza vita, tarehe 1 Desemba 1990, hayakuhusu ardhi, wala uchaguzi, wala vyeo. Yalihusu askari wa kigeni. Ilikubaliwa kwamba askari wa Zimbabwe wakae kandokando ya reli za Beira na Limpopo tu, na Renamo wasizishambulie njia hizo. Tena ikaundwa tume ya watu wa nchi mbalimbali kulitazama jambo hilo. Hapo kosa la Nkomati lilirekebishwa, maana wenye ugomvi walikuwapo wenyewe, na mchunguzi akawapo.

Ikachukua muda wa karibu miaka miwili tena. Katika muda huo ukame mkubwa wa 1991 na 1992 uliikumba nchi, hata majeshi yenyewe yakakosa chakula. Tarehe 4 Oktoba 1992 Chissano na Dhlakama wakatia sahihi mapatano ya amani Roma. Walikubaliana kuunda jeshi moja, nusu kutoka kila upande, na Renamo kuwa chama cha siasa. Umoja wa Mataifa ukaleta askari zaidi ya 6,000 kusimamia, na fedha za kigeni zikatolewa ili Renamo wapate ofisi badala ya kambi, na askari walioachishwa wapate cha kuanzia maisha. Ndipo mwone kwamba msaada wa nje si mbaya wote; bunduki iliyotoka ng'ambo ilirefusha vita, na posho iliyotoka ng'ambo ilisaidia kuvimaliza. Uchaguzi ulifanyika Oktoba 1994. Chissano alishinda, Dhlakama akashindwa, wala hakurudi porini wakati ule.

Je, kukata msaada kwatosha siku zote? Tutazame Angola. Nchi hiyo nayo ilitawaliwa na Ureno, na vita vyake vililishwa na Wasovieti na Wakuba upande mmoja, na Marekani na Afrika ya Kusini upande wa pili. Wakubwa hao walijitoa, na Mei 1991 mapatano yakafanywa huko Ureno. Lakini baada ya uchaguzi wa 1992 Jonas Savimbi, kiongozi wa UNITA, aliyakataa matokeo akarudi vitani, na majeshi yake yalikuwa bado hayajavunjwa. Msaada wa wageni ulipopungua, alipata fedha katika almasi zilizochimbwa katika nchi aliyoishika. Vita vile havikwisha mpaka Savimbi alipouawa mwaka 2002. Renamo hawakuwa na kisima kama hicho. Na kwa kuiona hatari ya Angola, wasimamizi wa Msumbiji waliuahirisha uchaguzi mpaka askari wengi wakusanywe na kunyang'anywa silaha.

Amani ya Msumbiji haikuwa kamili. Mwaka 2013 Renamo na serikali walipigana tena, na mapatano mengine yakafanywa mwaka 2019, baada ya Dhlakama kufariki. Tena, tangu 2017, vita vya namna nyingine vilizuka Cabo Delgado, karibu na mpaka wetu, na wapiganaji wengine, na askari wa kigeni wakaja tena. Kwa hiyo swali la mwanafunzi wetu halijazeeka.

Basi, tukimjibu, twasema hivi. Hawakupatana upesi kwa sababu kila mmoja alikuwa na mtu nyuma yake, na mtu huyo hakuwa akifiwa. Mkisikia habari za vita po pote, ulizeni mambo matatu. Ni nani atoaye silaha, naye ataka nini? Akiacha kuzitoa, je, wapiganaji wana kisima kingine? Na tena, yuko nani anayeweza kuwaketisha pamoja wakamwamini? Mkiyajua hayo, mtajua kama amani iko karibu au iko mbali.