Kumbukumbu ya shahidi aliyejionea

Kumbukumbu ya shahidi aliyejionea ni yale ambayo mtu aliyekuwepo kwenye tukio huyakumbuka na kuyaeleza baadaye, polisi au mahakamani. Watafiti wa saikolojia wamebaini kwamba kukumbuka ni kujenga upya, na katika ujenzi huo hupenya mambo ambayo shahidi hakuyaona: maneno ya anayemhoji, masimulizi ya wenzake, picha alizoonyeshwa.

Jaribio mashuhuri ni la Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani, la mwaka 1974. Wanafunzi 45 walitazama filamu fupi za ajali za magari, kisha wakaulizwa mwendo wake. Swali lilikuwa lilelile, kilichobadilishwa ni kitenzi tu. Walioulizwa kuhusu magari “yalipobamizana” walikadiria wastani wa maili 40.8 kwa saa. Walioulizwa “yalipogusana”, 31.8. Katika jaribio la pili, wiki moja baada ya filamu, watu 16 kati ya 50 wa kundi la “kubamizana” walisema waliona vioo vilivyovunjika. Wa kundi lililoulizwa kuhusu magari “yalipogongana” walikuwa 7 kati ya 50. Filamuni hakikuvunjika kioo hata kimoja. Hili ni zito kuliko kosa la kukadiria mwendo, kwa kuwa hapa neno la mwulizaji limezaa kitu ambacho hakikuwepo.

Kutambua sura ya mtu asiyejulikana ni kugumu vilevile, hasa gizani, kwa mbali au silaha inapovuta macho. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri (1980), iliuhesabu ushahidi wa kutambua kwa macho kuwa dhaifu mno, ikataka ipimwe kwanza shahidi alimwona mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kwenye mwanga gani, na kama alimfahamu kabla.

Shahidi asiyesita huaminiwa upesi. Lakini katika jaribio la mwaka 1998, watafiti Gary Wells na Amy Bradfield waliwapongeza watu kwamba wamemtambua mhalifu, ilhali wote walikuwa wamechagua picha isiyo yake. Uhakika wao ulipanda, na wengine wakadai hata walimwona vizuri. Uhakika wenye thamani ni ule wa mara ya kwanza, kabla shahidi hajaambiwa lolote. Kwa sababu hiyo watafiti hupendekeza gwaride la utambulisho lisimamiwe na askari asiyejua mshukiwa ni yupi, na kauli ya shahidi kuhusu uhakika wake iandikwe papo hapo, kwa maneno yake mwenyewe.