Cherehani za Barazani: Sura Tuliyoiruka

Katika vitabu vya kumbukumbu vilivyotangulia hiki tumezoea kuorodhesha wafadhili wa mandir yetu, viongozi wake na sherehe zake. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, historia ya jamii yetu hapa Songea haikutendeka ndani ya maduka peke yake. Ilitendeka pia barazani, kwa sindano na uzi, na sura hiyo tumeiruka kila mara.

Wazee wetu waliotoka Gujarati waliuza kaniki, marekani na kaki. Lakini kitambaa si vazi mpaka kishonwe. Kwa hiyo duka la nguo liliweka cherehani barazani, na nyuma yake alikaa fundi, mara nyingi Mngoni au Myao. Mteja alipimiwa kitambaa ndani, akashonewa nje. Wakulima walipokwisha kuuza tumbaku, na kule Umatengo kahawa, mashine hazikunyamaza hadi usiku. Cherehani ilikuwa mali yetu. Ujuzi ulikuwa wake.

Nyingi za cherehani hizo ni Singer zilizotengenezwa Clydebank, Uskochi, katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Namba iliyogongwa kwenye chuma hueleza umri wake. Yetu inaanza na herufi Y, iliyotumiwa na kiwanda hicho katika miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930. Baadaye zikaja Butterfly za China, zilizofuata umbo la Singer ya aina ya 15.

Mwaka 1971 majengo mengi ya kupangisha yalitaifishwa nchini. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Familia nyingi za Kihindi zilihama Tanzania katika miaka hiyo. Baba yetu hakuhama, lakini alilifunga duka, na cherehani akamkabidhi mzee aliyekuwa fundi wetu. Mzee aliichukua kijijini kwake, akaitumia kuwashonea watoto sare za shule. Duka lilipofunguliwa tena, aliirudisha mwenyewe, bila kuombwa. Vipuri vilikuwa adimu, lakini mashine ilikuwa imepakwa mafuta na kufungwa mkanda mpya alioukata kwa mkono kutoka ngozi ya ng'ombe. Miaka mingi baadaye tulipoitoa picha ya cherehani ile katika kitabu kama hiki, chini yake tuliandika jina la familia yetu tu. Twakiri kosa hilo hapa.

Mahatma Gandhi, aliyekuwa na shaka kubwa juu ya mitambo, aliitenga cherehani ya Singer na mitambo aliyoilaumu. Aliyasema hayo mwaka 1924. Nasi twaona neno cherehani lenyewe limetokana na charkh la Kiajemi, yaani gurudumu, ambalo pia ndilo asili ya charkho, gurudumu la kusokotea pamba tunalolihusisha na jina lake.

Mwaka huu tumeifufua cherehani yetu, iliyokuwa imelala stoo kwa muda mrefu. Aliyetufundisha ni mtoto wa mzee yule, naye ni fundi. Gurudumu lilikuwa limeganda, na sisi tulitaka kulizungusha kwa nguvu. Alituzuia. Alidondosha mafuta ya taa katika kila tundu la mafuta, akaiacha usiku kucha, ndipo akalitikisa gurudumu polepole mpaka likaachia. Mafuta ya kupikia yasitumike kamwe, kwa maana hukauka yakawa gundi. Mafuta mepesi ya cherehani ndiyo yafaayo. Maua ya rangi ya dhahabu yasisuguliwe kwa spiriti, kwani huyeyusha vanishi inayoyalinda. Nyuzi kuukuu zilizojikunja chini ya meno ya kusukumia kitambaa alizitoa moja moja kwa sindano. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuunganisha vipande vya nguo za zamani kuwa godhadi, ule mfarishi ambao bibi zetu waliushona kwa mkono.

Katika Dasera twavitia kumkum na maua vyombo vya kazi. Safari hii cherehani ile itawekwa pamoja navyo, na fundi huyo pamoja na familia yake watakaa nasi ndani ya ukumbi, si barazani.

Twawaomba wasomaji wenye cherehani kuukuu wasiziuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wazilete, zitengenezwe. Zaidi ya hayo, kila mmoja aandike jina la fundi aliyeitumia ya kwao, wakati wangali hai wanaolikumbuka. Majina hayo yatachapishwa katika kitabu kijacho, katika orodha ileile ya wafadhili, kwa maana walichotoa hakikuwa kidogo.