Mazingira ya mtaa na shughuli za mwili (Annexe, Lubumbashi)

Mazingira ya mtaa ni hali ya makazi, yaani barabara, umbali, viwanja na usalama, inayoongoza kiasi ambacho wakazi hutumia miili yao. Annexe, mojawapo ya komuni 7 za Lubumbashi, huuzunguka mji na ina sura ya nusu shamba. Hapo jasho hutokana na riziki kuliko michezo: kulima, kuchota maji, kwenda sokoni kwa miguu, kusukuma baiskeli zilizopakiwa mkaa (wenyeji huuita makala). Shirika la Afya Duniani, linalopendekeza dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki kwa mtu mzima, huhesabu pia kazi na safari hizo. Lakini mazingira hayo pia hukwaza mwendo: masika, njia za udongo hujaa matope; kiangazi, vumbi.