Hodhi Lijae Haraka: Historia ya Bomba na Aliyelishika

Kile chombo kirefu cheupe unachokiona kwenye matangazo ya apatimenti za Kilimani kina jina la Kiswahili: hodhi. Ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu, na maana yake ni chombo kikubwa cha kuwekea maji. Kipo pia kitenzi kinachotamkwa hivyo hivyo, kuhodhi, yaani kukikalia kitu peke yako wenzako wakikosa. Yaweke maneno hayo mawili karibu, maana historia ya kuoga kwenye maji mengi huwezi kuisimulia kwa moja tu.

Tuanze na hesabu. Hodhi kubwa, la mtu kulala akanyoosha miguu, linabeba kama lita 300. Sema mfereji wako, wa bomba la nusu inchi, unatoa lita 10 kwa dakika. Utasubiri nusu saa. Maji ya moto uliyotangulia kuyamwaga yatakuwa yamepoa kabla hodhi halijajaa. Fundi mzuri atakwambia usihangaike na mfereji wa bei ghali, badilisha bomba. Na hapo hesabu inashangaza: ukiongeza upana wa bomba refu mara mbili, kutoka nusu inchi hadi inchi moja, presha ikibaki ile ile, maji hayaongezeki mara mbili. Yanaongezeka zaidi ya mara tano. Nafasi ya kupitia imekuwa mara nne, na juu ya hapo maji yanasuguana kidogo na kuta za bomba. Ile nusu saa inakuwa dakika tano au sita.

Siri hii ndogo ya upana iliwahi kusumbua dola nzima.

Mwaka 97, Kaisari Nerva alimpa Sextus Julius Frontinus kazi ya kusimamia maji ya jiji la Roma. Frontinus alikuwa amewahi kuwa gavana wa Britania na jemadari, si mtu wa kuchezewa. Akaandika kitabu kizima kuhusu mifereji ya jiji, na ukikisoma leo utadhani anaongea kuhusu mtaa wenu. Roma haikuwa na mita. Mtu binafsi aliyetaka maji nyumbani aliomba kibali kwa Kaisari, na kibali kilitaja ukubwa wa bomba, si idadi ya lita. Kipimo cha kawaida kiliitwa quinaria, bomba la upana wa kama sentimita 2.3. Yaani karibu na ile inchi moja unayoiona hadweya hadi leo.

Ili watu wasidanganye, maji yalitoka kwenye tangi la mtaa kupitia kipande kifupi cha shaba kilichopigwa muhuri. Shaba ilichaguliwa kwa sababu risasi ni laini, mtu anaweza kuipanua kwa nyundo usiku akalala na maji ya jirani. Lakini wapi! Frontinus alikuta vipande visivyo na muhuri. Alikuta vingine vyenye muhuri lakini vikubwa kuliko kibali. Alikuta vimewekwa chini kuliko vya wenzao ili vivute zaidi. Ujanja uliomuudhi hasa ni ule wa kuacha kipande cha shaba kikiwa sahihi, kisha nyuma yake tu unaunga bomba pana zaidi. Ukikagua muhuri, kila kitu kiko sawa, ilhali maji yanakimbilia kwa bwana mkubwa. Kulikuwa na amri ya seneti iliyodhibiti upana wa bomba kwa futi 50 za kwanza. Watu waliisoma, wakaendelea.

Halafu kulikuwa na mabomba ya siri chini ya barabara. Alikuwepo hata mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutoboa bomba la umma njiani na kuwauzia maji wenye biashara, na cheo chake kilijulikana kama cheo kingine chochote. Frontinus anasema mabomba hayo yalipong'olewa, risasi iliyopatikana ilikuwa nyingi ajabu. Kumbe kartel za maji si uvumbuzi wa Nairobi.

Upana wa bomba, hata hivyo, ni nusu ya habari. Bomba pana lisilo na maji nyuma yake ni tundu tu. Njia nyingine ya kupata maji mengi kwa haraka ni kuyakusanya polepole mapema, mahali pa juu, kisha kuyaachilia kwa mara moja. Bafu kubwa la umma la Caracalla, lililofunguliwa Roma mwaka 216, lilikuwa na tawi lake la mfereji na safu za visima vya akiba upande wa nyuma. Maji yaliingia humo saa zote, wateja wawepo wasiwepo.

Pwani yetu iliijua hesabu hiyo kwa njia yake. Ukitembelea magofu ya Gede, pale karibu na Watamu, angalia msikiti mkuu: kuna kisima, kuna mfereji mdogo wa kupitishia maji, na kuna birika la kutawadhia. Mtu anateka kwa ndoo, maji yanatiririka hadi birikani, na waumini wakija wanakuta yamejaa. Kwenye nyumba za kale za Lamu vilevile, birika la bafuni hujazwa mapema, na mwogaji huteka kwa kata. Birika halijali mfereji unatoa lita ngapi kwa dakika, mradi kuna aliyeamka mapema kuteka.

Na huyo aliyeamka mapema ni nani? Swali hili linatupeleka Zanzibar. Sultani Seyyid Said alijenga bafu la Kidichi karibu na mwaka 1850, na jengo bado lipo, na nakshi zake za Kiajemi, kwa ajili ya mkewe aliyetoka Uajemi. Mwanawe Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa ameishi uhamishoni Bombay na kuona jiji linavyoendeshwa. Aliporudi na kushika kiti, alileta mjini maji ya chemchemi kwa mfereji, na akajenga bafu la umma mahali ambapo hadi leo panaitwa Hamamni. Lile la Kidichi lilikuwa la jumba la kifalme. Hili la Hamamni mtu wa kawaida alilipa akaingia. Ni hatua kubwa. Lakini usisahau kwamba huu ulikuwa mji uliotajirika kwa karafuu na biashara ya watumwa, na soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873 tu. Katika mji kama huo, kabla bomba halijafika, maji yalibebwa kichwani, na wengi waliobeba hawakuwa na hiari.

Uingereza ya wakati huo huo, tajiri alioga chumbani mwake kwenye beseni la bati mbele ya moto, na kijakazi ndiye alikuwa bomba. Alipandisha ngazi na makopo ya maji ya moto, akashuka na maji machafu. Hodhi letu la lita 300 ni mitungi 15 ya lita 20. Jaribu kuipandisha ghorofa tatu, halafu uishushe tena.

Mwaka 1868, Benjamin Waddy Maughan wa London akatengeneza chombo cha kuchemsha maji kwa gesi yakiwa yanapita, akakiita Geyser, jina la chemchemi zinazofoka za Iceland. Hakikuwa na bomba la kutolea moshi, kwa hiyo kilikuwa hatari ndani ya nyumba. Ila wazo lilikuwa limeshazaliwa: joto lilingane na kasi ya maji. Ndilo wazo la ile shawa ya umeme iliyoko bafuni mwako. Sasa ijaribu kwa hodhi. Kupasha lita 300 kutoka nyuzi 20 hadi 40 kunahitaji kama yuniti 7 za stima. Shawa ya kilowati 5.5 itachukua zaidi ya saa moja na robo. Hata ukiweka bomba la inchi mbili, moto utakuchelewesha.

Turudi Nairobi. Maji yanatoka mbali, mengi yake Ndakaini, bwawa lililokamilika miaka ya 1990, yanafika mtaani kwa mgao, yanaingia tangi la chini la ploti, pampu inayapandisha hadi tangi la juu ya paa. Tangi hilo ni birika la Gede limepandishwa hewani. Kila mita 10 za urefu zinakupa presha ya baa moja, kwa hiyo wa chini kabisa anapata maji ya nguvu, na wa ghorofa ya mwisho, mita mbili chini ya tangi, anapata ya kuchuruzika. Ndiyo maana penthausi yenye hodhi huhitaji pampu yake.

Na ukiifunga pampu hiyo moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, umekuwa yule bwana mkubwa wa Roma. Hodhi lako litajaa kwa dakika sita, na nyumba tatu mbele mtu atafungua mfereji, usikie hewa tu. Atanunua mitungi kwa mkokoteni, kwa bei inayoshinda mara nyingi unayolipa wewe kwa maji ya bomba.

Hakuna dhambi kutaka kulowa hadi shingoni baada ya siku ndefu. Weka bomba pana, weka tangi lako, lijaze polepole siku ya mgao, liwe juu ya kutosha. Mwambie fundi akague kama sakafu itabeba kilo 300 na wewe juu yake, na tundu la kufurikia liweze kumeza kasi ya bomba jipya. Frontinus angeuliza jambo moja zaidi kabla ya kupiga muhuri: bomba hili pana linaanzia kwenye tangi lako, au kwenye la wote?